Vitamini za Kuku

Kuku wa bibi yangu waliijua sauti ya bahasha. Sisemi bahasha ya barua. Nasema ile ndogo ya karatasi wanayokutilia vidonge zahanati, iliyochorwa jua na mwezi ili hata asiyesoma ajue wakati wa kunywa. Bibi akiitikisa mara moja tu, hata kama walikuwa wamejitawanya mpaka shamba la jirani, walikuja mbio shingo mbele, kama watoto wa shule walioambiwa leo kuna wali.

Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nasimama, jibu naliona kabisa limekaa kichwani, kisha nakaa nalo. Nipo kidato cha tatu na kuna walimu ambao sidhani kama wamewahi kuisikia sauti yangu. Kuandika naweza, maana karatasi haikukodolei macho. Mama husema nilipozaliwa nililia mara moja, nikaridhika. Bibi ndiye pekee aliyenitania kwa ukimya wangu bila kunichoma. Bibi na mjukuu ni watani, na kwa kuwa mimi ni wa kike aliniita mke mwenza. "Mke mwenzangu huyu," aliwaambia wageni wake, "alipokuja kuolewa ulimi aliusahau kwao. Tumetuma mtu akaulete." Wageni wanacheka, na mimi nacheka nyuma ya mlango.

Bibi ndiye aliyemzaa mama yangu. Alikuwa anakaa kijijini, upande wa Kongwa, karibu na nyumba ya mjomba. Sisi tunakaa mjini, Nkuhungu, na Mama anauza nafaka soko la Majengo, mtama na uwele na mahindi yanayotoka mbali.

Mwaka ambao Bibi alianza kukohoa ulikuwa mwaka mbaya. Mvua ilikuja mara moja kwa kishindo, watu wakapanda, kisha ikawaacha na mbegu zao ardhini. Mtama ulifika magotini ukasinyaa. Nilipokwenda kwake likizo nilikuta anakula ugali na mlenda mchana, ugali na mlenda jioni, na mayai ya kuku wake hayafiki jikoni, yanauzwa. Alikuwa amekonda mpaka bangili yake ya shaba ilikuwa ikipanda hadi kwenye kiwiko. Mama akapiga simu akasema nimsindikize zahanati. Wakampima makohozi, wakamwambia ana TB.

Nataka niandike vizuri yaliyosemwa siku ya kuchukua dawa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye neno moja dogo.

Nesi alikuwa mpole. Alikuwa peke yake na benchi limejaa, lakini alimwinamia Bibi akasema polepole, maana Bibi Kiswahili anakisikia ila si cha kukimbia. Lugha yake ni Kigogo.

"Bibi, nitazame. Hivi vikubwa vyekundu ndiyo dawa yenyewe. Kila siku asubuhi, hata ukijiona umepona. Ukiacha, ugonjwa unarudi na hasira. Mkojo utakuwa rangi ya machungwa, usiogope. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Na hivi vidogo vyeupe?"

"Hivyo ni vitamini tu. Unakunywa pamoja na hivyo vikubwa."

"Vitamini?"

"Eeh, Bibi. Vitamini tu. Haya, anayefuata!"

Mama mmoja mnene aliyekuwa anasubiri zamu akadakia, "Kunywa, Bibi, hizo zinaleta hamu ya kula. Mimi unavyoniona hivi ni hizo."

Bibi akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Hamu ninayo, mwanangu. Chakula ndicho sina."

Benchi zima likacheka, hata wale wenye kukohoa wakacheka wakikohoa.

Njiani Bibi alikuwa anawaza. Tulipopita duka la dawa za mifugo akasimama, akanionyesha kwa kidole pakiti zilizoning'inia mlangoni, zenye picha ya kifaranga mnene wa njano. "Si ndizo hizi? Vitamini?"

Nikasoma. Ndizo. Imeandikwa Vitamini, kwa herufi kubwa. Kijijini kwake neno hilo halikuwa na kazi nyingine. Vitamini ni ule unga unaochanganya kwenye maji ya vifaranga ili wasife na mdondo. Binadamu hupewa dawa, kuku hupewa vitamini. Sijui ni nani kijijini pale angefikiri vingine.

Bibi akatikisa kichwa kwa mshangao wa mtu aliyetendewa wema. "Serikali hii! Imenipa dawa yangu, na kuku wangu nao imewakumbuka."

Nilicheka sana. Nilidhani anatania, na nusu yake alikuwa anatania. Lakini kesho yake asubuhi alimeza vile vikubwa kimoja kimoja, akifumba macho, kisha akachukua kile kidogo, akakisaga kwenye jiwe lake, akakichanganya na pumba na maji, akatikisa bahasha. Kuku wakaja. Nilisimama pale na elimu yangu ya baiolojia, ambayo ilikuwa inasema ukikosa vitamini A huoni gizani, na ukikosa C ufizi unatoka damu, na ukikosa D miguu inapinda. Bibi alikuwa anaona gizani kuliko mimi, meno yake yalikuwa mazima, na miguu yake ilikuwa imenyooka. Nesi mwenyewe alikuwa amesema ni vitamini tu.

Na kuku walinawiri kweli.

Miezi michache baadaye kikohozi kilikuwa kimepoa, lakini mjomba akapiga simu akasema mama yetu halali, analalamika miguu inawaka moto. Mama akafunga meza yake ya nafaka akaenda kumchukua. Alirudi na Bibi, mfuko wa dawa, na tenga la kuku.

"Mama, kuku tena?" Mama alikuwa anafuta jasho. "Mjini hapa watakaa wapi?"

"Siwaachi," Bibi akasema. "Hawa ni wagonjwa wenzangu. Tunakunywa dawa pamoja."

Mama akacheka, akadhani ni yale maneno yake ya siku zote.

Bibi aliyefika Nkuhungu hakuwa yule niliyemwacha. Jioni alikaa na miguu ndani ya beseni la maji, maji yakipata joto anataka yabadilishwe. Alisema ni kama anakanyaga jivu la moto na sindano zimo ndani yake. Vidole vya mikono vilikufa ganzi. Akishika sindano ya kushonea haijui iko wapi. Usiku tulimsikia akizunguka uani. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa mkali. Nilimletea chai akaisukuma. Nilimsalimia shikamoo akaniambia, "Unanitazama nini?" Hakuniita mke mwenza hata mara moja. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka deni, ila hajui ni nani anayemdai mwenzake.

Kila asubuhi kabla ya kwenda Majengo, Mama alisimama mbele yake na kikombe cha maji. "Mama, dawa." Bibi alimeza vikubwa, akafungua mdomo kuonyesha, kama mtoto. Kile kidogo alikitia mdomoni pia, tena mbele ya Mama, lakini mimi niliyekuwa nafagia nilikuwa naona. Mama akigeuka kuchukua mkoba, kinatoka, kinafungwa kwenye pindo la kanga, pale pale wanawake wanapofungia hela. Baadaye kuku wanaitwa. Kwangu ilikuwa ni desturi yake ya kijijini, kama vile kutotupa maji ya kuoshea mchele.

Kuhusu usingizi, Mama alikwenda duka la dawa karibu na soko, akauziwa vidonge vya usingizi. Bibi alivimeza akakaa macho. Usiku uliofuata akapewa tena. Akakaa macho, akiongea peke yake kwa Kigogo, mikono ikimrukaruka juu ya shuka.

Asubuhi Mama alikuwa anashangaa na kikombe mkononi. "Mbona mimi siku ile ya jino, nusu yake tu iliniangusha mpaka mchana? Hiki ni kidonge au ni chokaa?"

Akaenda kugombana na mwenye duka. Mwenye duka akaapa kwamba dawa ni nzima. Wote wawili walikuwa wakweli, ila hilo hatukulijua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anapeta uwele, na Mama hajaenda sokoni bado. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia ungo umeanguka. Nilipogeuka uwele ulikuwa umemwagika wote, na Bibi yuko chini, mgongo umepinda, macho yamegeuka, mikono na miguu inapiga ardhi. Kuku walikuwa wameshaanza kula ule uwele pembeni yake.

Jirani zetu walifika kabla sijaweza kupiga kelele. Mmoja akasema, "Msimguse! Ni kifafa hicho, povu likikugusa na wewe unalo." Mwingine akakimbia kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Mama hakuwasikiliza. Alimgeuza ubavu, akamvuta kifuani kwake, akaniambia, "Bajaji!" Nikakimbia barabarani. Niliposimamisha bajaji nilimshika dereva mkono tu, akanifuata.

Degedege lilimwachia njiani, likamrudia getini hospitali. Tukaingizwa chumba cha dharura. Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba, sauti yake ya chini, mikono yake ya haraka. Wakampima sukari, wakampima malaria, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano ya kutuliza. Bibi akalegea kidogo. Nikavuta pumzi. Halafu vidole vikaanza tena, kisha mdomo, kisha mwili wote.

"Ongeza," daktari akasema.

Wakaongeza. Ikawa vilevile. Nesi wa kiume aliyekuwa anashika mkono wa Bibi akasema, "Daktari, hiki kikongwe ni mifupa tu, dawa hii ingemlaza hata ng'ombe."

"Naona." Daktari alimgeukia Mama. "Ana historia ya kifafa?"

"Hapana. Hajawahi."

"Pombe?"

"Ameokoka."

"Dawa anazotumia?"

Mama alikuwa amekumbuka kubeba mfuko. "Za TB, daktari. Anakunywa zote. Mimi mwenyewe namsimamia kila siku asubuhi."

Daktari alishika ile bahasha ndogo, akaitazama kwa muda kuliko vile vikubwa. "Na hivi vidogo? Anakunywa na hivi?"

"Zote. Hajakosa hata siku moja."

Mama alisema kwa sauti ya mtu anayejua amefanya wajibu wake. Hakuwa anadanganya. Na mimi nilikuwa nimesimama ukutani, nyuma ya mtungi wa oksijeni. Sikujua bado kwamba vidonge vile ni kitu. Ila niliona jinsi daktari alivyouliza. Hakuuliza kama mtu anayejaza nafasi. Aliuliza akimtazama Bibi, kisha akaiweka bahasha chini kama anayefunga mlango, akageuka kutafuta sababu nyingine.

Ningenyamaza, daktari angeendelea kuamini kwamba Bibi anavimeza. Ningesema, ningekuwa nimemwambia daktari mbele ya watu kwamba mama yangu hasemi kweli. Kwetu mtoto hafanyi hivyo. Jibu lilikuwa limekaa kichwani, naliona, kama darasani. Kitanda kilikuwa kinagonga ukuta.

"Anawapa kuku," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ilikuwa imeishia kwenye meno.

"Anawapa kuku."

Nesi wa kiume akageuka. "Nini?"

"Vile vidogo. Bibi havimezi. Anawapa kuku."

Akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu aliyechoka. Mama akanigeukia uso umemsinyaa. "We mtoto! Hapa ni mahali pa kuleta utani wenu?"

Nikaenda kitandani, nikalitafuta pindo la kanga ya Bibi wakati mwili wake unaruka, nikalifungua fundo kwa meno. Kidonge cheupe cha asubuhi ile kilikuwa humo, na cha jana yake, na vipande vya vingine vilivyokuwa vimegeuka unga. Kuku walikuwa hawajaitwa tangu juzi.

Daktari akanyoosha kiganja, nikamtilia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hapo akaanza kwenda mbio. Alimtuma mtu famasi ya hospitali, akauliza kama vitamini hiyo ipo ya sindano, wakasema haipo, akasema basi leteni vidonge, vingi. Wakavisaga pale pale, kwenye kikombe, kwa kitako cha kijiko. Nilitazama kile kijiko kinavyozunguka, nikaliona jiwe la Bibi. Wakavichanganya na maji, wakampitishia mpira puani mpaka tumboni.

Tukatolewa nje tusubiri. Mama alikaa kwenye benchi, mimi nikakaa mwisho wa benchi hilohilo. Alikuwa na uwele umenasa kwenye nywele.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua anawapa kuku. Sikujua kama ni kitu."

Alichomoa punje moja ya uwele kwenye nywele, akaitazama. Kisha akasema, "Hata mimi nisingejua." Akasogea, akakaa karibu yangu, lakini hakunishika.

Daktari alipotoka alisema degedege limekoma. Mama akaanza kumshukuru Mungu, daktari akamshika bega. "Subiri, mama. Sasa tuna shida ya pili. Amelala mno."

Alituelezea akiwa amesimama, na nimejaribu kuyashika maneno yake. Alisema ubongo una kemikali yake yenyewe ya kujituliza, na hauwezi kuitengeneza bila vitamini hiyo, inaitwa B6. Moja ya dawa za TB inaila vitamini hiyo mwilini. Mtu anayekula vizuri anakuwa na akiba. Bibi mwaka ule hakuwa na akiba ya kitu chochote. "Na hizi dawa za usingizi tunazochoma," akasema, "hazitulizi zenyewe. Zinaisaidia ile kemikali ya ubongo ifanye kazi kwa nguvu. Kama haipo, zinamsaidia nani?"

Nilielewa kwa njia yangu. Kule kijijini kiangazi maji huchimbwa kwenye mchanga wa korongo. Kisima kikikauka, ukija na ndoo kubwa zaidi hujaongeza maji. Sisi tulianza na ndoo ya duka la dawa, hospitali ikaleta ndoo kubwa, halafu kubwa zaidi. Sasa maji yalikuwa yamerudi, na ndoo zote zilikuwa bado zimo kisimani.

"Kwa hiyo vya dukani navyo?" Mama aliuliza.

"Navyo. Na dawa ileile ya TB inauchelewesha mwili kuzitoa. Zote zimeamka pamoja. Tunampa oksijeni, tunaangalia anavyopumua. Mwombeeni."

Alilala siku ile yote. Alilala mpaka jua la kesho yake likapita dirisha la kwanza la wodi na kuingia la pili. Kifua chake kilikuwa kinapanda kidogo, kinatua, halafu kinakaa hapo chini mpaka na mimi najikuta nimeacha kupumua. Mama aliwapigia ndugu. Mjomba akapiga simu kutoka kijijini, na kwa kuwa Mama alikuwa amekwenda kutafuta uji, nilipokea mimi. Aliuliza hali. Nikamwambia bado. Akauliza tena, kwa upole, kuku wa Bibi wako wangapi. Sikuelewa. Akasema, "Kwa ajili ya wageni, mjomba. Watu wakija msibani lazima wale."

Nikasema sijui wako wangapi. Nilikuwa najua.

Alifungua macho mchana. Alitazama dari, akatazama vitanda, wanawake wote wale waliolala, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mbukwenyi." Ni salamu ya huku kwetu, ya kusalimia watu wengi. Kitanda cha tatu wakaitikia, na cha mlangoni wakaitikia, na bibi mmoja aliyekuwa amegeukia ukuta akaitikia bila kugeuka. Nilitoka nje nikalia, nikarudi.

Lakini hakurudi mzima kwa mara moja. Kiswahili kilikuwa kimempotea. Alikuwa anaongea Kigogo kitupu, na nesi wa zamu alikuwa mtu wa mbali, kwa hiyo kila alichosema Bibi nilikisema mimi, kwa sauti, mbele ya wodi, maana Mama alikuwa hayupo saa nyingine na hapakuwa na mtu mwingine. Anataka maji. Anauliza hapa ni wapi. Anauliza ng'ombe wamenyweshwa, na ng'ombe hana tangu mimi sijazaliwa. Siku ya pili Kiswahili kikaanza kurudi, kwanza maneno ya kanisani, kisha ya sokoni, mwisho matusi madogo madogo, tukajua anapona.

Daktari alikuja kumwelezea mwenyewe. Alivuta kiti akakaa, akaweka kidonge kikubwa kwenye kiganja kimoja na kidogo kwenye kingine.

"Bibi, hiki kikubwa kinaua TB. Lakini kinakula vitamini za mwili wako. Ndiyo maana tunakupa na hiki kidogo."

"Kinakula?"

"Kinakula, Bibi."

Bibi alikitazama kile chekundu kama mgeni aliyefika bila taarifa mwaka wa njaa. "Kumbe nacho kina njaa."

"Kina njaa."

"Basi mngesema. Mlisema vitamini tu. Mgeni mwenye njaa mimi ningempa chakula chake, nisingempa kuku."

Daktari hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kweli. Tungesema." Nikampenda kwa hilo.

Halafu Bibi akageuza shingo, polepole, akatutazama mimi na Mama. "Nani alisema habari za kuku wangu?"

Mama aliangalia sakafu. Niliona anataka kunibebea lawama.

"Ni mimi, Bibi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Alinitazama muda mrefu na yale macho yake yaliyoingia ndani. Nilisubiri aseme nimemuuza. Kisha akavuta shuka hadi kidevuni.

"Basi nilikuwa naumwa kweli," akasema.

Amemaliza dawa za TB, lakini hajarudi kijijini. Miguu bado inamwaka jioni, ingawa si kila jioni. Daktari alisema mishipa ya fahamu hurudi polepole, na mingine hairudi. Anatembea akishika ukuta. Na ana shimo kwenye kumbukumbu. Hakumbuki alivyofika Nkuhungu, hakumbuki wiki zile za ukali, wala ungo ulivyoanguka. Kwa hiyo jioni, miguu ikiwa kwenye beseni, huniambia, "Mke mwenza, nieleze ile siku." Na mimi namweleza, kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho. Nimemweleza mara nyingi mpaka sasa nina mahali pa kusimama na mahali pa kumwacha acheke: anacheka kwenye chokaa, anacheka kwenye fundo la kanga. Mama husikiliza akiwa jikoni. Hatujawahi kuongea naye tena habari za lile benchi la hospitali.

Sehemu moja huwa naipita. Simu ya mjomba sijamweleza. Nikifika hapo nasema tu, ukalala, ukalala, halafu ukaamka ukawasalimia watu.

Kuku wapo wote. Anakunywa vidonge vyeupe mpaka leo, kwa ajili ya miguu, na asubuhi akishika bahasha wanakuja mpaka kizingitini, shingo mbele, wanasimama. Bibi anameza, anafungua mdomo kunionyesha, kisha anawanyooshea kiganja kitupu. Hawaondoki mara moja.